KOMPYUTA ZA NAMNA MBILI: ZA AMRI NZITO NA ZA AMRI NYEPESI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wengi wenu mlikuwapo Siku ya Wazazi ya muhula uliopita, nanyi mliiona aibu iliyotupata sisi wa Chama cha Kompyuta. Kwa wale wasiokuwapo nitasema kwa kifupi. Tulikuwa tumetengeneza programu ya kuandikisha vitabu vya maktaba: nani ameazima kitabu gani, na siku gani apaswa kukirudisha. Kazi hiyo tuliifanya majuma sita, jioni baada ya michezo, kwa mashine moja kubwa ya mezani iliyo katika chumba cha kompyuta. Siku yenyewe ilipofika, umeme ukakatika saa nne asubuhi, nao wazazi wamekwisha kaa vitini. Mwalimu wetu alikuwa na kompyuta moja ndogo mno, yapata ukubwa wa pakiti ya sigara, iendayo kwa betri. Programu tulikuwa nayo katika flashi. Tukaichomeka, tukabonyeza, ikakataa. Tukabonyeza mara ya pili na ya tatu. Kioo kikatuandikia ya kwamba faili hilo si la namna iwezayo kuendeshwa na mashine ile.

Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akauliza kwa upole, "Wanangu, si hii ni kompyuta na ile ni kompyuta? Mbona redio yangu na redio ya jirani, ijapokuwa hazikutengenezwa na kampuni moja, zote hupokea stesheni ile ile?" Hapana hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu. Tulitazamana tu.

Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule. Tena lipo jambo jingine linalonisukuma kuandika. Wazazi wetu wamekubali kuchanga fedha za kununulia shule kompyuta, na katika mkutano ujao wataamua ni za namna gani. Katika bweni letu yamekwisha zuka makundi mawili yanayobishana hata baada ya taa kuzimwa: kundi moja lataka mashine kubwa za mezani, la pili lasema tununue zile ndogo kwa sababu ni nyingi kwa bei ile ile. Nimewasikia wote, na naona wengi hubishana wasijue wanabishana juu ya nini.

Basi tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kila simu, kuna kipande kimoja kinachofanya kazi ya hesabu na maamuzi. Kipande hicho huitwa prosesa. Prosesa haijui Kiswahili wala Kiingereza. Yajua orodha ya amri tu, na kila amri imeandikwa kwa namba. Namba hii maana yake ni "jumlisha", namba ile maana yake ni "linganisha", nyingine "ruka uende mahali fulani". Mtengenezaji wa prosesa ndiye achaguaye orodha hiyo, na kila ukoo wa prosesa una orodha yake. Hapo ndipo redio na kompyuta zinapoachana. Redio zote hupokea mawimbi ya namna moja, lakini prosesa za koo mbili mbalimbali ni kama watu wawili wasiosikilizana lugha. Namba ambayo kwa mmoja ni "jumlisha", kwa mwingine yaweza kuwa "ruka", au isiwe na maana yo yote.

Sasa swali ni hili: orodha nzuri ya amri ni ya namna gani? Hapa wataalamu waligawanyika, na ugomvi wao ulidumu miaka mingi.

Nitatoa mfano wa hapa shuleni. Kiranja wa bwalo anapompata mtoto wa Kidato cha Kwanza siku ya kwanza, hawezi kumwambia, "Fanya usafi wa bwalo." Mtoto atasimama tu. Yampasa amwambie, "Chukua ndoo. Teka maji. Mwaga hapa. Piga deki. Kamua tambara." Amri ni nyingi, ila kila moja ni nyepesi, na mtoto huitimiza mara moja bila ya kufikiri. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huambiwa neno moja tu, "Usafi!", naye akajua mambo yote yaliyomo ndani yake. Amri ni moja, ila ni nzito, nayo huchukua muda mrefu.

Prosesa ya amri nzito huitwa CISC, na prosesa ya amri nyepesi huitwa RISC. Herufi hizo zimetokana na maneno ya Kiingereza. CISC maana yake ni kompyuta yenye seti ya amri changamano, na RISC maana yake ni kompyuta yenye seti ya amri zilizopunguzwa. Nawaomba msidanganywe na neno "zilizopunguzwa". Prosesa nyingi za RISC za siku hizi zina mamia ya amri. Kilichopunguzwa hasa ni uzito wa kila amri.

Nitaonyesha tofauti hiyo kwa programu yetu ya maktaba. Tuseme hesabu ya vitabu vilivyoazimwa imewekwa katika kumbukumbu, katika kisanduku namba 500, nasi twataka kuongeza 1. Prosesa ya CISC yaweza kupewa amri moja: "Ongeza 1 katika kisanduku 500." Prosesa ya RISC haina ruhusa ya kufanya hesabu moja kwa moja katika kumbukumbu. Yenyewe ina visanduku vichache vilivyo ndani yake, viitwavyo rejista, na hesabu zote hufanywa humo. Hivyo yataka amri tatu: leta kilichomo katika kisanduku 500 ukiweke katika rejista, ongeza 1 katika rejista, rudisha kilichomo katika rejista kisanduku 500. Mtu akitazama haraka atasema CISC imeshinda, kwani moja ni pungufu ya tatu. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Yafaa tujue kwanza kwa nini watu walipenda amri nzito. Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali sana, tena ndogo. Programu fupi ilikuwa akiba ya fedha. Kisha wako waandishi wa programu walioandika kwa lugha ya mashine yenyewe, amri baada ya amri; kwao amri moja ifanyayo kazi ya tatu ilikuwa kama kupunguziwa mzigo. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza ukoo wake uitwao System/360. Mashine za ukoo huo zilikuwa kubwa na ndogo, za bei kubwa na za bei nafuu, lakini karibu zote zilisikia orodha moja ya amri. Hila waliyoitumia katika nyingi ya mashine hizo ni kuweka ndani ya prosesa programu ndogo ya siri, inayoivunja kila amri nzito kuwa vitendo vidogo vidogo. Kwa mfano wetu, ni kama kumpa kila mwanafunzi kijitabu cha mfukoni kinachoeleza maana ya neno "Usafi!". Kwa kuwa kuongeza ukurasa katika kijitabu ni rahisi, amri zikazidi kuongezeka. Mwaka 1977 kampuni ya DEC ikatoa mashine iitwayo VAX-11/780, yenye amri zaidi ya 300. Mojawapo iliweza kukokotoa polinomia nzima kwa mara moja! Wenzangu mnaoogopa hisabati, ioneeni wivu.

Walakini wako watu walioanza kutia shaka. Katika mwaka 1975, katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, John Cocke na wenzake walianza kutengeneza mashine iliyoitwa 801. Wazo lilikuwa limetokana na mpango wa kutengeneza mtambo wa kuunganisha simu. Mpango wenyewe uliachwa, wazo likabaki. Walichunguza programu zilizokuwa zikitumika kweli, wakaona jambo la ajabu: amri chache nyepesi, kama leta, rudisha, jumlisha, linganisha na ruka, ndizo zilizofanya sehemu kubwa ya kazi. Amri nzito zilikaa bila ya kuguswa. Sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wameacha kuandika kwa lugha ya mashine. Waliandika kwa lugha iliyo karibu na ya binadamu, na programu nyingine iitwayo kompaila ikawafasiria. Nayo kompaila haikujua kutumia amri zile za fahari.

Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson na wanafunzi wake walianza mwaka 1980 kazi waliyoiita RISC, na jina hilo limebaki hata leo. Walionyesha kwamba katika VAX-11/780 ilikuwako amri moja nzito, ya kutafuta mahali pa kitu katika jedwali, ambayo ilikwenda polepole kuliko kuandika amri nyepesi kadha zifanyazo kazi ile ile katika mashine ile ile. Yaani kijitabu cha mfukoni kilimchelewesha mwanafunzi! Prosesa yao ya kwanza ilikuwa na amri 31 tu. Nafasi waliyoiokoa waliitumia kwa kuweka rejista 78. Nafurahi kuwakumbusha wasomaji kwamba walioichora prosesa hiyo ni wanafunzi. Karibu na hapo, katika Chuo Kikuu cha Stanford, John Hennessy naye akaanza kazi iliyozaa ukoo wa MIPS mwaka 1981. Patterson na Hennessy walipewa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2017, na Cocke alikuwa ameipata ya mwaka 1987.

Sasa narudi kwenye fumbo letu. Yawezekanaje amri tatu kumalizika upesi kuliko moja? Jibu liko katika mstari wa chakula. Bwaloni mpishi wa kwanza hupakua ugali, wa pili maharage, wa tatu mboga. Hatungoji mwanafunzi mmoja apate vyote vitatu ndipo wa pili aanze. Mmoja akiwa kwenye mboga, wa nyuma yake yu kwenye maharage, na wa tatu kwenye ugali. Kila mara sahani moja iliyojaa hutoka, ijapokuwa kila mwanafunzi amepita vituo vitatu. Prosesa nayo hufanya hivyo: amri moja yasomwa, ya pili yafahamiwa, ya tatu yatekelezwa, zote kwa wakati mmoja. Lakini mstari huenda vizuri iwapo kila kituo chachukua muda sawa. Akija mwalimu wa zamu akataka apakuliwe sahani sita za wageni, mstari wote husimama. Amri nzito ndiyo mwalimu huyo. Tena katika CISC za zamani amri hazikuwa na urefu mmoja. Katika ukoo wa x86 amri moja yaweza kuwa ya baiti 1 au ya baiti 15, na prosesa haijui ya pili yaanzia wapi mpaka imeitambua ya kwanza. Katika MIPS na ARM za mwanzo kila amri ilikuwa baiti 4, hapana zaidi wala pungufu.

Kwa wapendao hesabu, kuna kanuni moja inayokata maneno. Muda wa kumaliza programu ni idadi ya amri, mara mapigo ya saa yanayohitajiwa na kila amri, mara urefu wa pigo moja. CISC yajaribu kupunguza namba ya kwanza. RISC yajaribu kupunguza ya pili. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa DEC, Dileep Bhandarkar na Douglas Clark, walilinganisha mashine ya MIPS na mashine ya VAX. Kumbukeni kwamba VAX ilikuwa mali ya kampuni yao wenyewe. Waliona kwamba MIPS ilitumia amri nyingi zaidi, yapata mara 2. Lakini VAX ilitumia mapigo karibu mara 6 kwa kila amri. Fanyeni hesabu: programu ya VAX yenye amri 100, kila moja mapigo 6, ni mapigo 600. MIPS itakuwa na amri 200, kila moja pigo 1, yaani 200. Tofauti ni karibu mara 3. Nawasifu watu hawa kwa kuitangaza hesabu iliyoushinda mzigo wao wenyewe.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha Uingereza. Huko Cambridge ilikuwako kampuni ndogo iitwayo Acorn, iliyojulikana kwa kompyuta za shule. Wawili katika watu wake, Sophie Wilson na Steve Furber, walisoma habari za Berkeley wakaamua kuchora prosesa yao. Wilson alichagua amri, Furber akachora umbo. Tarehe 26 Aprili 1985 kipande cha kwanza kilifika kutoka kiwandani, kikafanya kazi siku hiyo hiyo. Kilikuwa na transista 25,000 hivi. Katika mwaka huo huo kampuni ya Intel ilitoa prosesa yake ya 80386 yenye transista 275,000. Furber akataka kupima umeme unaotumiwa na kipande chake. Akaunga ammita, ikasoma sifuri. Alipochunguza, akaona kwamba waya wa umeme wa prosesa haukuwa umeungwa kabisa! Prosesa ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka saketi za jirani. Hawakuwa wameikusudia simu, kwani simu za mfukoni hazikuwa kitu cha kufikiriwa na watengenezaji wa kompyuta za shule. Walitaka tu iwe ya bei nafuu na isipate moto. Prosesa hiyo ndiyo ARM. Mwaka 1990 ikapewa kampuni yake yenyewe, na leo karibu kila simu ya kisasa iliyomo mifukoni mwa wazazi wetu ina prosesa ya ukoo huo.

Mtu atauliza, kama ni hivyo, mbona CISC haikufa? Swali zuri. Intel 8086 ilitoka mwaka 1978, na mwaka 1981 IBM ikaichagua ndugu yake, 8088, kwa kompyuta yake ya mezani. Tangu hapo watu wakaandika programu nyingi mno kwa orodha ile ya amri, hata hapana aliyetaka kuziacha. Hasara ya kuandika upya ilikuwa kubwa kuliko faida ya mwendo. Intel nayo haikulala. Katika prosesa yake ya Pentium Pro ya mwaka 1995 iliweka mlangoni mfasiri anayezivunja amri nzito kuwa vitendo vyepesi, halafu vitendo hivyo vikapita katika mstari kama wa RISC. Nje kanzu ya zamani, ndani mtu mpya. Upande wa pili, RISC nazo zikaongeza amri mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana naona ubishi wa bweni letu umepitwa na wakati kidogo. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima prosesa za ARM na za x86, wakaona kwamba tofauti ya umeme na mwendo hutokana na jinsi prosesa ilivyojengwa na kazi iliyokusudiwa, wala si orodha ya amri. Wasemao kwamba ARM ni za kazi ndogo tu nao wamekosea: kompyuta iitwayo Fugaku, iliyoko Kobe, Japani, ni ya ukoo wa ARM, na tangu Juni 2020 hata Mei 2022 ilishika nafasi ya kwanza duniani kwa mwendo. Kampuni ya Apple nayo iliacha prosesa za Intel katika kompyuta zake kuanzia Novemba 2020, ikatia za ARM.

Liko pia tawi jipya ambalo ningependa wenzangu walifahamu. Mwaka 2010 huko Berkeley ilianzwa RISC-V. Orodha yake ya msingi ina amri 40 tu, na mtu ye yote ana ruhusa ya kuitumia bila ya kulipa. Mimi nimeisoma kwa siku mbili za Jumamosi, na sikuona jambo lo lote lililomshinda mwanafunzi anayejua namba za msingi wa mbili.

Sasa nawarudia wazazi wetu. Mkutano utakapokaa, msiulize ni RISC au CISC. Ulizeni mambo mawili. La kwanza, programu tutakazotumia zimekwisha andikwa kwa prosesa ipi? Baadhi ya programu za hesabu za ofisi ya mhasibu tulizonazo ni mafaili yaliyokwisha fasiriwa kwa x86, na asili yake hatunayo. Hizo zitakaa katika mashine kubwa. La pili, umeme. Mashine ndogo ya mwalimu ilifanya kazi kwa betri tangu saa nne mpaka wageni walipokwenda kula, na mashine kubwa zilikaa kimya. Mimi ningenunua nyingi ndogo na kubaki na kubwa tulizonazo, lakini mimi si mchangaji.

Ama programu yetu, ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Tuliiandika kwa lugha ya C, kisha kompaila ikaifasiri kuwa amri za x86, na tafsiri hiyo ndiyo tuliyoibeba katika flashi. Maandiko ya asili tuliyaacha katika mashine iliyozimika. Umeme uliporudi jioni tulinakili maandiko yale, tukayafasiri upya ndani ya mashine ndogo, na kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai programu ikafunguka. Hatukubadili hata neno moja. Mzee wetu alikuwa amekwisha panda basi.

Sasa maktaba ina mafaili mawili, moja la kila mashine, nasi tumeyapa majina mbalimbali ili ndugu zetu wa Kidato cha Tatu wasiyachanganye. Maandiko ya asili yamo katika flashi ile ile, na imefungwa kwa uzi mwekundu katika droo ya mwalimu wa maktaba.